Nilishona Nembo Nikijua Maji Yatapita

Mshauri wangu mpendwa,

Naomba msaada wako, na naomba pia usinicheke, maana ukisikia kwamba nyumba yangu inayumba kwa sababu ya jaketi la mvua utadhani nimekosa la kuandika, lakini vumilia usome mpaka mwisho, hata mimi mwanzoni nilicheka na sasa sicheki tena.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka ishirini na miwili kwenye kazi hii, na kibanda changu kiko kwenye safu ya maduka nyuma ya kituo cha afya, katikati ya muuza viatu na dada wa saluni. Mume wangu anakata vioo vya miwani kwenye maabara ya macho, kazi ya watu wenye mkono mtulivu na jicho kali, mkwaruzo ambao mimi na wewe hatuuoni hata tukiusogeza puani yeye anauona akiwa amesimama mlangoni. Nyumbani ananiita Mama Pacha na mimi namwita Baba Pacha, ila kwenye kundi lao la kupanda milima wanamwita Kapteni, na tangu wampe jina hilo kichwa kimemvimba.

Mwaka huu Kapteni akaamua kwamba kundi zima, watu kumi na mmoja, wawe na majaketi ya mvua ya maana, siyo yale makoti ya plastiki yanayokutoa jasho mpaka unalowa kwa ndani wakati nje umekauka. Basi tukakoma. Miezi mitatu mezani hapakuwa na habari nyingine, ni kitambaa kiwe cha tabaka mbili au tatu, kofia iwe na ukingo mgumu maji yasimwagikie machoni, zipu ziwepo kwapani za kutolea joto, nyuma liwe refu lifunike kiuno mtu akiinama. Lilipofika la kwake alilijaribu kwa kusimama bafuni chini ya maji, viatu miguuni, mapacha wanashangilia mlangoni, akatoka analifungua zipu na kunivuta mkono mpaka kifuani kwake, "Gusa, Mama Pacha! Gusa shati, kavu kabisa!" kwa furaha ambayo sikuiona hata siku ya harusi yetu.

Na mimi mwenye miaka ishirini na miwili ya kushika vitambaa hakuniuliza hata siku moja. Ilikuwa ni dada wa duka la majaketi anasema. Dada wa dukani anasema mishono lazima izibwe kwa utepe kwa ndani, dada wa dukani anasema tabaka tatu ndizo zinazodumu, dada wa dukani mwenyewe hupanda milima kwa hiyo anajua. Siku moja nilisema kitambaa ni kizuri ila mshono wa bega la kushoto umevutwa kidogo, akanitazama kwa ule upole wa kumtazama mtoto akasema, "Hii siyo sare ya shule, mke wangu." Nikameza. Sijui kama yule binti nilimwonea wivu kama mwanamke au kama fundi, labda vyote viwili.

Majaketi yalikuja na karatasi ya maelekezo. Kapteni akaibandika ukutani juu ya sinki la kufulia, kwa sababu kufua ni kwangu, akanisomea mistari ya juu kwa kidole kama mwalimu, usitie dawa ya kulainisha nguo, usipige pasi ya moto, usikamue, kisha akaenda zake. Mimi nikabaki nikaisoma yote. Mstari wa saba ulisema kitambaa kisitobolewe kwa sindano wala pini, kila tundu ni njia ya maji.

Wiki iliyofuata akaja na nembo. Mlima wa bluu na jina la kundi, moja kubwa ya mgongoni na mbili ndogo za mabegani. "Nishonee hizi, mishono ya karibu karibu, zisije zikabanduka." Nikalipindua lile jaketi nikaona kila mahali sindano ya kiwandani ilipopita pamefunikwa utepe, na fundi hahitaji karatasi kujua kwa nini, mtu hapotezi utepe bure. Nikafungua mdomo. Mshauri, nakuapia nilifungua mdomo nikasema, "Baba Pacha, lakini hiki kitambaa..." na yeye simu iko sikioni akanikatiza, "Shona tu, mama. Mambo ya kitambaa tulishayamaliza na dada wa dukani."

Nikasema moyoni, haya. Nikashona.

Wenzake walipoliona wakalipenda, wakaleta na ya kwao, yote kumi, nikashona siku mbili mfululizo, mishono ya karibu karibu kama alivyotaka mwenyewe, dada wa saluni ananipigia stori na mimi nacheka naye, na kila nikikanyaga pedali naiona mvua. Nilitaka alowe. Nilitaka alowe kidogo tu, arudi nyumbani kanywea, aseme Mama Pacha wewe ulikuwa unajua. Hao wengine kumi, nisikudanganye, sikuwawaza kabisa.

Mvua iliwakuta juu kwenye miamba ambako hapana pa kujibanza, ikawanyeshea saa nne. Mikanda ya mabegi ilikuwa inakandamiza nembo za mabegani na begi lenyewe linakandamiza ile ya mgongoni, kwa hiyo maji hayakuwa yanapenya tu, yalikuwa yanasukumwa. Wote walilowa, lakini Mzee Taratibu, mwalimu mstaafu, tunamwita hivyo kwa mwendo wake, alianza kutetemeka, baadaye akaacha kutetemeka na hapo ndipo walipoogopa, maana alikuwa anaongea maneno yasiyoeleweka na anataka kukaa chini alale. Walimshusha mgongoni kwa kupokezana. Alilazwa siku tisa kwa mapafu. Sasa yuko nyumbani, akipanda ngazi tatu anasimama kupumzika. Nilikwenda kumjulia hali na matunda, akanishika mkono akasema, "Nembo uliishona vizuri, mwanangu. Haijaachia hata uzi mmoja." Nilitoka nikalia nyuma ya nyumba yake kama mtoto.

Siku ya pili baada ya kushuka, wakati mzee bado yuko wodini, Kapteni aliwakusanya wakaenda dukani, na mimi nikafuatana nao, nikasimama mlangoni nimeshika mkoba wake. Ndipo nilipomwona huyo dada wa dukani niliyemchukia miezi mitatu. Binti mdogo tu, shati la duka lenye nembo kifuani, kalamu nyuma ya sikio. Wakamzunguka. "Umetuuzia feki! Mzee wetu anakufa kwa sababu yako!" Yeye akasubiri wamalize, akasema, "Kaka, poleni sana. Naomba mnioneshe hata moja. Tutalimwagia maji hapa hapa mbele yenu, tuone yanapita wapi." Mume wangu akajibu, "Hatukuja kufanyiwa mtihani. Majaketi tumeyaacha nyumbani." Simu zikatolewa, wakaanza kumrekodi. Mwenye duka akatoka huko nyuma, akaona zile simu, hakuuliza swali hata moja, akamwambia binti achukue vitu vyake. Alipita mlangoni pembeni yangu kabisa. Nilijisogeza apite.

Tangu siku hiyo Baba Pacha amekuwa mpole ajabu. Ameyakusanya majaketi yote kwa wenzake, kayatia kwenye gunia juu ya kabati, anasema atayarudisha kiwandani, na mpaka leo gunia liko pale pale. Ile karatasi ya maelekezo hata sijaiona tena, ukutani zimebaki alama za gundi. Na hajanigombeza kwa lolote, yeye ambaye chumvi ikizidi hugomba mpaka majirani wakajua leo kumepikwa nini.

Ningenyamaza, mshauri. Nilishaamua kunyamaza. Ila juzi asubuhi yule binti amekuja kibandani kwangu. Hakunitambua, siku ile hakuwa anaangalia watu wa mlangoni. Ametoa lile shati la duka kwenye mfuko akasema, "Shikamoo mama. Naomba unifumulie hii nembo, shati lenyewe bado zima, nataka nilivae nikitafuta kazi." Nikachukua wembe nikaanza kufumua uzi mmoja mmoja, na yeye kakaa kwenye kigoda cha wateja ananisimulia bila hata kumuuliza. "Walisema nimewauzia feki. Mama, yale majaketi niliyachagua kama navyomchagulia baba yangu. Kila siku najiuliza nilikosea wapi." Nembo ilipotoka yakabaki matundu ya sindano kifuani, akayapitisha kidole akauliza, "Haya yataziba?" Nikamwambia hii ni pamba, ukifua mara mbili yataziba. Nikakataa pesa yake. Akanishukuru, akaondoka.

Sasa nauliza, nimwambie mume wangu ukweli au ninyamaze? Nikimwambia atasema nilitaka kumuua na kuua watu, na huenda ndiyo mwisho wa ndoa yangu, nina mapacha wa miaka tisa. Nikinyamaza naona nitapasuka. Nisaidie, usingizi sina, na kazi haziendi, juzi nimeshona mkono wa kulia kwenye bega la kushoto.

Ni mimi,
Mwenye Sindano

*

Mwenye Sindano,

Pole. Hiyo ndiyo pole yako, ipokee vizuri kwa sababu sina nyingi.

Nakupa pole kwa miezi mitatu ya kukaa meza moja na mtu anayetafuta mjuzi wa vitambaa mtaa wa pili wakati mjuzi kamletea chai mkononi. Hilo linauma, na wanaokwambia ni jambo dogo hawajawahi kudharauliwa kwenye kitu wanachokiweza. Ulifungua mdomo, ukafungwa. Mpaka hapo niko upande wako.

Lakini mdomo ulifungwa kwa jaketi moja, mama. Yale kumi je? Nani alikuwa na simu sikioni ulipokuwa unamshonea Mzee Taratibu? Hakuna aliyekukatiza siku hizo mbili. Ulikaa, ukakanyaga pedali, ukacheka na dada wa saluni. Umeniandikia kwamba wengine hukuwawaza. Nakuamini, na ndiyo maana nimekasirika. Ulikuwa na hasira na mtu mmoja ukaitoboa migongo ya watu kumi na mmoja.

Sasa twende kwenye swali lako. Unaniuliza umwambie mumeo au unyamaze. Mwanamke mwenzangu, mumeo anajua.

Soma barua yako mwenyewe, nimeisoma mara tatu. Watu kumi na mmoja wanakwenda kulalamikia majaketi na hawabebi jaketi hata moja. Nani aliyesema wayaache nyumbani? Binti anaomba alione moja tu, nani anayekataa? Karatasi yenye mstari wa saba imebanduka ukutani, au unadhani imeliwa na panya? Majaketi yote yamekusanywa yakafichwa juu ya kabati, wenyewe wasije wakayapindua. Na mtu ambaye kazi yake ni kuona mkwaruzo kwenye kioo kutoka mlangoni, unataka kuniambia alilivua jaketi lililolowa mgongoni, umbo la nembo kabisa, asione matundu? Aliyaona siku ile ile. Akakumbuka nani aliyeagiza nembo, nani aliyesema shona tu, na nani anayeitwa Kapteni. Akaona kumgombeza mkewe ni kujitaja mwenyewe. Huo upole unaoniandikia siyo upole. Anakuchunga.

Kwa hiyo mko wawili kwenye nyumba moja, kila mmoja anamficha mwenzake kitu ambacho mwenzake anakijua, na zigo lote mmemtwisha binti mwenye kalamu sikioni. Yeye ndiye pekee kwenye habari hii yote aliyetaka maji yamwagwe watu waone. Na wewe ulijisogeza apite.

Ndiyo maana nakukataza kuanza na mumeo. Ukianza naye atakwambia mengi: tusubiri kwanza, tuwafikirie watoto, yule binti atapata kazi kwingine, mzee si ameshatoka hospitali. Atayasema kwa ule upole wake mpya na wewe una hamu kubwa ya kuambiwa unyamaze. Utanyamaza, kisha mtapendana sana kwa muda. Nimekaa kwenye ukurasa huu miaka kumi na miwili, nimeziona ndoa zilizoshikiliwa na siri ya namna hiyo, na sikutakii hata moja.

Fanya hivi. Kesho asubuhi akishatoka kwenda kazini, panda kwenye stuli, shusha gunia, toa jaketi lake yeye, siyo la mwingine. Nenda dukani. Usiende na matunda, umeshagawa matunda ya kutosha. Muombe mwenye duka atoke, na wateja wakiwepo waache wawepo, binti hakufukuzwa faraghani. Lipindue jaketi, lishike juu ya beseni, mimina kikombe cha maji upande wa mgongoni na ukandamize kwa kiganja kama begi linavyokandamiza. Maji yatapita kwenye nembo na hayatapita mahali pengine popote. Yakishapita useme maneno mawili: nilishona mimi, na nilijua. Hilo la pili usilimeze. Bila hilo utakuwa fundi aliyekosea, watu watakuhurumia, na hukukosea wewe, ulikusudia.

Ukitoka hapo nenda kwa Mzee Taratibu ukamwambie maneno yale yale. Anaweza kukusamehe papo hapo kwa sababu wazee wengine ni hivyo, au anaweza kukufukuza. Vyote ni haki yake, kaa uvipokee. Na kama atataka kwenda mbele zaidi kwenye sheria, usimlilie kwa jina la mapacha.

Kisha rudi nyumbani, litundike lile jaketi kwenye msumari sebuleni likiwa limelowa hivyo hivyo. Baba Pacha akiingia usimhutubie. Ataliona, jicho analo. Hapo ndipo mtaongea, labda kwa mara ya kwanza mwaka huu. Kama ndoa itavunjika kwa mazungumzo hayo, basi ilikuwa imeshikwa na uzi uliooza na wewe fundi ulikuwa unajua. Kama haitavunjika, naye ana safari yake ya kwenda dukani, na mwache aende kwa miguu yake, usimshikie mkoba.

Na ninyi wengine mliokuwa mnasoma haya kwa kutikisa kichwa, hasa mnaonunua majaketi ya mvua kwa ajili ya milima, baiskeli na uvuvi: mmeshachagua kitambaa, mmekipuliza kuona kama kinapitisha hewa, mmekagua utepe wa mishono, hongereni. Mkitaka nembo tumieni gundi ya kazi hiyo, sindano ikae mbali. Halafu karatasi ya maelekezo isomeni wenyewe mpaka mstari wa mwisho, msimbandikie mtu mwingine ukutani.

Narudi kwako, Mwenye Sindano. Unasema ukinyamaza utapasuka. Hutapasuka. Watu hunyamaza miaka arobaini na wanakula vizuri tu. Hilo ndilo linalonitisha, na ndiyo maana sitaki uende kwa ajili ya moyo wako.

Yule binti amekaa mahali leo hii amevaa shati lenye matundu kifuani. Anapitia upya kila jaketi alilowauzia, kila neno alilowaambia, anatafuta kosa lake, na hataliona kamwe kwa sababu halipo. Kesho ataanza tena kulitafuta. Hukumtoza pesa ya kufumua, ukadhani umempa kitu. Alikuuliza swali moja tu akiwa kwenye kigoda chako na ukamjibu habari za pamba. Nenda ukamwambie hakukosea popote.